Ufunguo wa Gari Ukipotea: Jinsi ya Kupata Mwingine na Namna Chipu Inavyolilinda Gari

Mtu anayepoteza ufunguo wa gari kwa mara ya kwanza hudhani kwamba amepoteza kipande cha chuma, kwa hiyo humwendea mchonga funguo wa karibu, yule aliyekaa na mashine yake pembeni mwa duka la vifaa vya ujenzi. Nami nilifanya hivyo hivyo. Toyota IST yangu, iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, ilikuja na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulinidondoka majini siku moja nilipokuwa nimeegesha gari Kivukoni, Dar es Salaam, na kuvuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Kijana niliyemwita alifungua mlango, akavua kitasa, akasoma visahani vyake, yaani vipande vyembamba vya ndani vinavyolingana na meno ya ufunguo, na kuchonga ufunguo mpya uliozunguka kwenye swichi bila kukwama. Injini iliwaka, ikanguruma kwa kama sekunde mbili, ikazima. Tulirudia mara tano au sita, na kila mara taa ndogo nyekundu yenye picha ya gari na ufunguo ilikuwa ikimetameta kwenye dashibodi. "Bosi, hii ina chipu," alisema akifuta mikono, na kuanzia hapo kazi ikawa nyingine na bei ikawa nyingine.

Meno ya chuma hufungua milango na kuzungusha swichi, lakini ruhusa ya injini kuendelea kuwaka hutolewa na chipu, na mwenye gari anayeielewa tofauti hiyo mapema hupunguza sana gharama na usumbufu.

Kabla ya kumwita fundi

Jiulize kwanza ufunguo umepotelea wapi, kwa sababu jibu ndilo litakaloamua ukubwa wa kazi. Ufunguo uliozama baharini haumpi mtu yeyote gari lako. Ufunguo ulioibwa pamoja na mkoba wenye leseni na karatasi zinazoonyesha unapoishi ni hatari ya kweli, na gari halipaswi kulala mahali lilipo bila mtu wa kulitazama. Ukilazimika kulihamisha, kumbuka kwamba usukani hujifunga ufunguo unapochomolewa na kwamba gari la otomatiki limebaki kwenye P, hivyo kulivuta kwa kamba hakuwezekani. Waeleze wenye gari la kuvuta kama gari lako linaendeshwa na magurudumu ya mbele au ya nyuma. Magari madogo mengi, kama IST, Vitz na Demio, huendeshwa na ya mbele, na hayo ndiyo yanayopaswa kuinuliwa, kwa sababu kuyaburuta yakiwa yamebanwa na gia kunaweza kuharibu giaboksi. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne ni salama zaidi likibebwa lote juu ya lori.

Kisha nenda polisi. Tanzania unatoa taarifa ya upotevu, ambayo siku hizi huombwa pia kwa njia ya mtandao, na kama ufunguo umeibwa unapewa namba ya RB. Kenya namba hiyo huitwa OB, na anayepotelewa na kitu hupewa hati ambayo watu huiita abstrakti. Fundi makini ataomba karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chako na kadi ya gari, ambayo Wakenya huiita logibuku, na iwapo kadi bado ina jina la aliyekuuzia, atataka kuona mkataba wa mauziano. Usikasirike. Fundi asiyeuliza chochote kesho atamchongea mtu mwingine ufunguo wa gari lako bila kumwuliza chochote vilevile.

Kutoka kwenye kadi, nakili namba ya chesesi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayana ile namba ya kimataifa yenye herufi na tarakimu 17. Yana namba fupi yenye herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu, kama vile NCP61 ikifuatiwa na tarakimu saba. Wauzaji wa funguo wa Ulaya au Marekani wanaodai namba ndefu hawataweza kukusaidia kwa njia hiyo. Namba hiyo imepigwa pia kwenye chuma ndani ya boneti, ila wenzo wa kufungulia boneti umo ndani ya gari lililofungwa, kwa hiyo kadi ndiyo tegemeo lako. Tafuta vilevile kibati kidogo cha chuma ambacho hutolewa na funguo za gari jipya, chenye tarakimu za msimbo wa meno. Ukiwa nacho, fundi huchonga ufunguo kwa kufuata msimbo bila kuvua kitasa chochote. Magari mengi tunayonunua yakiwa yameshatumika huja bila kibati hicho, kwa kuwa kilibaki kwa mmiliki wa kwanza.

Kutambua aina ya ufunguo

Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 yalitumia ufunguo wa chuma mtupu, na kwa hayo mchonga funguo wa pembeni mwa barabara anatosha. Baada ya hapo kuna ufunguo wenye kichwa cha plastiki kilichofichwa chipu ndani yake, kisha ufunguo wenye vitufe vya kufungia milango, na mwisho ule wa kutembea nao mfukoni huku gari likiwashwa kwa kubonyeza kitufe, ambao hapa nitauita ufunguo wa kubonyeza. Ufunguo wenye vitufe huwachanganya wengi kwa sababu ni vifaa viwili ndani ya ganda moja: rimoti, ambayo hutumia betri na hushughulika na milango, na chipu, ambayo haina betri na hushughulika na injini. Rimoti ikifa gari litaendelea kuwaka, na chipu ikiharibika rimoti itaendelea kufungua milango kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kama bado una ufunguo mmoja na hujui kama una chipu, kizungushie kichwa chake karatasi ya aluminiamu ya jikoni tabaka tatu au nne, uache meno wazi, kisha jaribu kuwasha gari. Likiwaka na kuendelea kama kawaida, yaelekea hakuna chipu. Likikataa, au likiwaka na kuzima, chipu ipo. Kama huna ufunguo hata mmoja, chungulia dirishani uone kama kuna taa nyekundu inayometameta kwenye dashibodi wakati gari limefungwa. Usiridhike na ushuhuda wa jirani mwenye gari kama lako, kwani magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja huweza kutofautiana, moja likiwa na mfumo huu na jingine likiwa halina.

Chipu inavyozungumza na gari

Ndani ya kichwa cha plastiki kuna kijiti cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele, au kipande cheusi cha umbo la kabari. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya mwembamba iliyofichwa na kava la usukani. Unapozungusha ufunguo, koili hiyo hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini, kilohezi 125 au 134, ambayo huipa chipu nguvu ya kutosha kujibu, na ndiyo sababu haihitaji betri. Chipu za mwanzo zilijibu kwa namba moja isiyobadilika, hivyo mtu mwenye mashine ndogo aliweza kuisikiliza na kuinakili kwenye chipu tupu. Zilizofuata zina akili zaidi: gari hutuma namba ya kubahatisha, chipu huichanganya na siri iliyo ndani yake na kurudisha jibu, na gari hufanya hesabu ile ile upande wake. Majibu yakilingana, kontroli boksi, yaani kompyuta inayoendesha injini, huruhusu mafuta na moto wa plagi. Yasipolingana, injini hukatwa. Ni kama mlinzi wa geti ambaye haulizi neno la siri lenyewe, bali kila siku huuliza swali jipya ambalo mwenye neno hilo peke yake ndiye anayeweza kulijibu.

Mfumo huo mzima huitwa imobilaiza. Umoja wa Ulaya uliufanya kuwa wa lazima kwa magari mapya ya abiria mwaka 1998, Australia mwaka 2001, na Kanada mwaka 2007. Marekani haikuweka sharti hilo, na matokeo yake yalionekana wazi kufikia mwaka 2022, pale video za mtandaoni zilipoonyesha vijana wakiwasha Kia na Hyundai zisizo na imobilaiza kwa kutumia kichwa cha kebo ya USB baada ya kuvunja kava la usukani.

Kazi yenyewe

Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, jambo ni jepesi. Fundi ananakili chipu iliyopo, ikiwa ni ya aina inayonakilika, au anasajili chipu mpya kwenye kumbukumbu ya gari kwa mashine anayoichomeka kwenye soketi ya kupimia gari iliyo chini ya usukani, na mara nyingi kazi huisha kabla hujamaliza chupa ya soda. Katika baadhi ya Toyota za mwanzo wa miaka ya 2000 kuna tofauti ya kuzingatia: ufunguo wenye kichwa cheusi ndio mama, na wa kijivu ni wa kumwachia mtu wa maegesho. Wa kijivu huwasha gari kama kawaida, lakini gari halitakubali kusajili ufunguo mpya kwa dhamana yake, kwa hiyo aliyebaki na wa kijivu peke yake anahesabiwa kama aliyepoteza zote.

Zikiwa zimepotea zote, hatua huongezeka na kila moja ina bei yake, hivyo mwombe fundi akutenganishie gharama za kufungua mlango, kuchonga meno, chipu au rimoti yenyewe, na kusajili. Mlango hufunguliwa kwa kifaa chembamba kinachoingia kwenye tundu la kitasa, ambacho pia humwonyesha fundi kina cha kila jino. Hakuna sababu ya kumruhusu mtu avunje kioo au apindishe fremu ya mlango. Katika baadhi ya magari kitasa cha mlango hakina visahani vyote vilivyo kwenye swichi, ndiyo maana ufunguo mpya unaweza kufungua mlango vizuri kabisa kisha ukagoma kuzunguka kwenye swichi. Hilo si kosa la mtu. Fundi atayakamilisha meno yaliyobaki kwa kusoma swichi yenyewe.

Kusajili ndiko kunakomtofautisha fundi wa kweli na mwenye mashine ya kuchonga tu. Kwa Toyota nyingi za zamani, pasipo ufunguo mama, itabidi kisanduku cha imobilaiza au kontroli boksi kitolewe, kifunguliwe, na kumbukumbu yake ndogo isomwe na kuandikwa upya. Kwa zilizofuata, mashine huifuta kumbukumbu kupitia soketi, na gari humfanya fundi asubiri takriban dakika 16 kabla ya kukubali ufunguo wa kwanza. Kusubiri huko kuliwekwa makusudi, kwa kuwa mwizi hana dakika 16 za kukaa ndani ya gari la mtu. Nissan huhitaji namba ya siri ambayo hukokotolewa kutokana na namba iliyo kwenye kisanduku cha umeme wa bodi. Mercedes-Benz nyingi hazitumii meno kabisa kuwasha, bali miali isiyoonekana kati ya ufunguo na swichi, na kwa hizo nashauri uanze na wakala wa kampuni hiyo.

Wakati wote huo betri ya gari inapaswa kuwa na chaji ya kutosha, na redio, taa na kiyoyozi viwe vimezimwa. Umeme ukishuka katikati ya kuandika kumbukumbu, kisanduku kinaweza kuharibika, na hapo utakuwa unanunua kitu cha ghali kuliko ufunguo. Fundi anayekuja na chaja au betri ya akiba anajua anachokifanya.

Kuna pendekezo moja ambalo utalisikia na unapaswa kulikataa. Baadhi ya mafundi, ili kuepuka kusajili funguo mbili, huchukua chipu moja iliyosajiliwa na kuibandika kwa gundi ndani ya kava la usukani, karibu na koili, ili ufunguo wowote wa chuma uwashe gari. Wengine hufuta imobilaiza yote kwenye kontroli boksi. Kazi huwa rahisi na ya haraka, na gari hubaki na ulinzi wa mwaka 1990. Ukinunua gari lililokwishatumika hapa nchini na likawaka kwa ufunguo wa chuma mtupu ilhali lina taa ya imobilaiza, mwambie fundi afungue kava hilo akuonyeshe kilichomo.

Ukinunua rimoti au ufunguo wa kubonyeza mtandaoni, zingatia mambo mawili. Magari ya soko la Japani hutumia masafa ya karibu na megahezi 315, na ya Ulaya hutumia 433. Rimoti inaweza kufanana na yako kwa kila kitufe na bado isisikike na gari lako. Pili, ufunguo wa kubonyeza wa Toyota ukishasajiliwa kwenye gari moja hujifunga kwa gari hilo, kwa hiyo ule uliotumika, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa, hauna faida kama muuzaji hajaufungua upya.

Kabla ya kulipa, kaa ndani ya gari uliwashe mwenyewe, liache lingurume kwa dakika kadhaa, lizime, lifunge, subiri, uliwashe tena. Jaribu ufunguo kwenye mlango wa dereva, wa abiria na buti. Halafu mwombe fundi akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zilizosajiliwa, kama mfumo wa gari lako unaionyesha. Ukiwa na funguo mbili mkononi na mashine ikisema tatu, wa tatu ni ule uliopotea, au ni wa mtu usiyemjua, na unapaswa kufutwa hapo hapo. Kuufuta kunamzuia aliyeuokota asiwashe gari, ila hakubadilishi vitasa: meno yake bado yatafungua milango. Kama ufunguo uliibwa pamoja na anwani yako, badilisha pia kitasa cha mlango au mpangilio wa visahani vyake.

Ulinzi huu unapoishia

Chipu si ngome isiyovunjika. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kwamba chipu za Texas Instruments zenye siri ya biti 40 (kipimo cha urefu wa siri), zilizotumika kwenye mamilioni ya magari, zinaweza kuvunjwa kwa vifaa vya bei ndogo. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya KU Leuven na Birmingham walionyesha kwamba mrithi wake, mwenye biti 80, alitumiwa vibaya kwenye baadhi ya Toyota, Kia na Hyundai, siri zikiwa zimetengenezwa kwa namna inayobashirika. Mashine za mafundi zinazonakili chipu mpya kwa dakika chache zimesimama juu ya udhaifu wa namna hiyo, na mashine hizo hazibagui mikono. Kwa hiyo usimwachie mwosha magari au mtu wa maegesho ufunguo kwa saa nyingi bila sababu, na ukilazimika, mwachie ufunguo wa gari peke yake, ukiwa umetoa ule wa nyumba.

Ufunguo wa kubonyeza una tatizo lake. Gari huamini kwamba ufunguo uko karibu kwa sababu tu linausikia, na watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wawili wenye vifaa vya kupokezana mawimbi wanaweza kuulaghai mfumo, mmoja akisimama karibu na ufunguo ulio ndani ya nyumba na mwingine kando ya gari. Walijaribu magari ya modeli 10 na yote yakafunguka. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana, lile la maziwa ya unga, linatosha mara nyingi kuuzuia ufunguo usisikike usiku. Jaribu kwa kusimama na kopo hilo kando ya mlango wa gari uone kama litafunguka. Fimbo ya chuma ya kufungia usukani, ambayo wengi huiona ya kizamani, haina mawimbi ya kulaghaiwa.

Mara nyingine ufunguo wa kubonyeza unaoaminiwa kufa umeishiwa betri tu, kwa kawaida CR2032 au CR1632, ambayo namba yake imeandikwa juu ya betri yenyewe. Vuta ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya ganda, fungua mlango wa dereva, kanyaga breki, gusisha ganda kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza kitufe. Kwenye Toyota upande wenye nembo ndio unaogusa. Ndani ya ganda hilo kuna chipu ile ile isiyohitaji betri, nayo itajibu.

Fundi wa pili aliyenisaidia alinichongea funguo mbili, akazisajili zote, kisha nikamwomba aniandikie msimbo wa meno aliousoma kwenye swichi. Aliuandika kwa kalamu ya wino nyuma ya nakala ya kadi ya gari. Nakala hiyo pamoja na ufunguo wa pili viko nyumbani kwa dada yangu, Mbagala, wala si ndani ya gari.